Mwongozo Kamili: Kupata Staftahi Nzuri na Yenye Ubunifu Nje ya Kisiwa cha Mombasa

Kila mara ninapoandika juu ya chakula cha pwani, wasomaji hunirudia na lalama ile ile. Mtu amehamia Kiembeni, Mikindani au Mtongwe. Ameambiwa Mombasa ndio kwao mahamri na mbaazi, lakini kila asubuhi anaambulia hamri gumu la jana, chai iliyolala kwenye chupa na mbaazi zinazoogelea majini. Akichoka hupanda gari hadi mkahawa wa Nyali, akalipa pesa nyingi kwa mkate wa kuchoma na yai, kisha husema mtaani kwake hakuna kitu.

Kitu kipo. Shida ni kwamba watu hutafuta ubao wa jina, na wapishi wengi wazuri wa asubuhi hawana ubao. Wana karai, wana saa zao, na unga ukiisha wanafunga. Atakayewapata ni yule anayejua aulize nani, afike saa ngapi na aonje nini kwanza. Hatua zilizo hapa chini zinafuatana, na ukiruka moja, inayofuata itakusumbua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

Sarafu na noti ndogo. Noti ya 1,000 asubuhi na mapema ni usumbufu kwa mpishi ambaye bado hajauza. Kibandani, noti ya 200 humtosha mtu mmoja kula na kunywa. Wengi hupokea M-Pesa, lakini mtu aliyeshika upawa mbele ya mafuta moto hawezi kuacha kazi kila dakika aangalie kama ujumbe umeingia.

Hotipoti au bakuli lenye kifuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na mbaazi za nazi hazifungwi kwa gazeti. Ukija na chombo chako utabeba chakula kikiwa moto, na mpishi atakuona mtu aliyejiandaa.

Chupa ya maji safi ya kunywa. Maji ya bomba katika mitaa mingi ya Mombasa huja kwa zamu, na mengine hununuliwa kwa mitungi. Usitegemee gilasi ya kibandani.

Simu yenye sehemu ya kuandika. Utaandika mtaa, siku, saa na ulichokula.

Tumbo tupu. Ukinywa chai nyumbani kwanza, kila kitu utakachoonja kitaonekana cha kawaida.

Kama mtaa ni mgeni kwako, ongeza mwenyeji mmoja. Nitaeleza sababu katika hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Chagua mtaa kwa chakula unachokitaka

Kaunti ya Mombasa ina kaunti ndogo 6. Mvita ndiyo iliyo kisiwani. Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu ziko bara. Hapo ndipo wanapolala wengi wa wanaofanya kazi mjini, na chakula cha asubuhi cha kila upande hufuata kazi na asili ya wakaaji wake. Anayetafuta vitumbua kwenye mtaa wa madereva wa malori atarudi amenuna bila sababu.

Changamwe, Magongo, Chaani na Port Reitz. Huku ni jirani ya bandari, uwanja wa ndege na maghala. Wafanyakazi wa zamu wanataka kitu kizito kitakachowafikisha mchana: supu ya ng'ombe au ya mbuzi, chapati, maharagwe, maini. Moto huwashwa gizani. Nenda huku ukitaka supu, na uitishe ndimu na pilipili kando.

Jomvu Kuu, Kisauni na Likoni. Hapa ndipo pa mahamri, mbaazi, vitumbua, muhogo wa nazi na viazi vitamu vya kuchemsha. Jomvu Kuu ni makao ya kale ya Waswahili, na mapishi yake ya nazi hayana haraka. Kisauni na Likoni Waswahili na Wamijikenda wamechanganyika nyumba kwa nyumba, ndiyo maana muhogo huko hupikwa kwa heshima ambayo sijaiona mahali pengine mjini.

Kongowea. Soko lenyewe huamka kabla ya mji. Usile katikati ya msukumano wa mikokoteni. Zunguka pembeni, kwa wanaouza uji na ndizi za kupika kwa wachukuzi.

Nyali, Bamburi na Shanzu. Kandokando ya barabara kuu na Links Road utapata mikahawa ya kisasa yenye mashine ya kahawa, mayai ya kila namna na matunda yaliyokatwa. Hufungua baadaye kidogo. Lakini ingia ndani kidogo, Mtopanga, Utange, Mwandoni, Bombolulu, na utajikuta umerudi kwenye karai na makaa. Watu wengi husahau kuwa mitaa ya mikahawa na mitaa ya karai iko umbali wa tuktuk moja tu.

Kuna jambo la usafiri linalokusaidia. Asubuhi msongamano mkubwa huelekea kisiwani, darajani Nyali na kwenye feri ya Likoni vilevile. Anayetoka kisiwani kwenda bara anakwenda kinyume cha watu, kwa hiyo safari huwa nyepesi. Na feri kwa mtembea kwa miguu haina nauli.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema kwa sentensi moja: nataka chakula fulani, na nitakitafuta mtaa fulani. Ukisema tu "nataka mahali pazuri", bado hujaanza.

## Hatua ya 2: Nenda jioni kwa mkuna nazi

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, na ndiyo yenye siri yote.

Mbaazi nzuri zinataka tui la nazi mbichi. Vitumbua vinataka nazi. Mahamri ya kweli hukandwa kwa tui. Mpishi wa asubuhi hana nafasi ya kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi kumi kwa mkono, kwa hiyo jioni, baina ya alasiri na magharibi, hupitia au hutuma mtoto kwenye kibanda chenye mashine ya kukuna nazi. Kila mtaa una kibanda kama hicho, mara nyingi karibu na steji au na genge la mboga. Mwenye mashine anajua nani anachukua nazi moja ya kitoweo cha nyumbani na nani anachukua nyingi kila siku. Anajua pia nani aliyeacha nazi akahamia tui la pakiti.

Nunua nazi moja, ikunwe, na wakati unasubiri uliza kwa adabu:

"Shikamoo ami. Mimi mgeni mtaa huu. Jioni ni nani hapa huja kuchukua nazi nyingi za mbaazi?"

Jibu halitakuwa anwani. Litakuwa kama hivi: "Yuko mama mmoja nyuma ya msikiti, ukiona mlango wa kijani ndio hapo. Lakini wahi, mpaka saa mbili huwa zishakwisha." Andika neno kwa neno. Msikiti, mlango wa kijani na saa mbili ndivyo vitakavyokuongoza kesho.

Wa pili wa kuuliza ni muuza unga wa jumla: nani hununua unga wa ngano kwa bale, na hamira na iliki pamoja nao. Wa tatu ni vijana wa bodaboda wa steji, maana wao hula nje kila siku na hawana uvumilivu na chakula kibovu. Ila uliza swali sahihi. Ukimuuliza bodaboda "hoteli nzuri iko wapi?" atakupeleka penye viti vya kupendeza, akidhani ndicho unachotaka. Muulize, "Wewe mwenyewe leo umekunywa chai wapi?"

Ramani za simu zina kazi yake, lakini ndogo. Zitakuonyesha mikahawa ya barabarani. Ukizitumia, tazama tarehe ya picha kwanza, kwa sababu hoteli hubadilisha mpishi na jina likabaki lile lile. Na uandike "mahamri" au "mbaazi" kwenye sehemu ya kutafuta, si neno la jumla la mgahawa.

Tahadhari: usiulizie kwa jina la mtu mbele ya umati wala usipige picha ya mlango wa nyumba. Wapishi wengi hawa ni kina mama wanaouzia barazani kwao, na hiyo ni nyumba ya watu.

Umefaulu ikiwa watu wawili wasiojuana wamekuelekeza mahali pamoja. Mmoja anaweza kuwa anamtaja shangazi yake. Wawili wakikubaliana, panga safari.

## Hatua ya 3: Fika kwa saa ya chakula, si kwa saa yako

Kila chakula kina dirisha lake, nalo ni jembamba.

Mahamri hukandwa jioni au usiku, huachwa yaumuke, na hukaangwa alfajiri. Ubora wake hauvuki saa mbili na nusu asubuhi. Baada ya hapo yanakuwa yamekaa kwenye kabati la kioo, na mvuke umeyalainisha ngozi.

Vitumbua vina subira kidogo zaidi, lakini mchele wake uliorowekwa na kusagwa ukiendelea kuumuka kwenye joto letu hugeuka mchachu. Vya saa moja ni vitamu. Vya saa nne vina ukali unaoudhi kooni.

Supu ni kinyume: ya alfajiri bado nyepesi, ya saa moja na nusu imekolea mifupa. Nayo, kwa wenye wateja wengi, huisha kabla ya saa tatu.

Kahawa tungu ya kwenye dele, ile yenye makaa chini yake, itafute mara baada ya sala ya alfajiri penye baraza za wazee, halafu tena jioni. Katikati ya asubuhi muuzaji amekwenda kulala.

Vile vile kuna vya kutovitafuta asubuhi kabisa. Viazi karai, mishikaki na mkate wa nyama ni vya jioni. Mkate wa mofa nao huonekana zaidi jioni. Ukivikuta saa moja asubuhi, uliza vimepikwa lini.

Jua la Mombasa huchomoza baina ya saa 12 na saa 12 na nusu hivi mwaka mzima, kutegemea mwezi. Lengo zuri kwa mahamri ni saa 12 na nusu hadi saa moja na robo: kumepambazuka, karai la pili au la tatu liko motoni, na foleni ya watoto wa shule bado haijawa ndefu.

Tahadhari: usiingie vichochoro usivyovijua kabla hakujapambazuka, simu ikiwa mkononi. Kisauni na Likoni zina sehemu ambazo wenyeji wenyewe hawapiti gizani. Hapa ndipo mwenyeji anapohitajika, kwa mara ya kwanza tu. Ukishajulikana kwa sura, njia inakuwa yako.

Umefaulu ikiwa unamwona mpishi akikaanga. Ukikuta anauza tu na jiko limezimwa, umechelewa. Kunywa chai, mwulize huanza saa ngapi, urudi kesho.

## Hatua ya 4: Simama kando utazame kabla ya kuagiza

Tumia muda wa kunywa funda chache za maji. Tazama vitu vitatu.

Mafuta. Mafuta mazuri yana rangi ya asali nyepesi na unaona chini ya karai. Yakiwa meusi, yakitoa povu linalopanda na moshi unaochoma macho, yamepikiwa siku nyingi, na ladha hiyo itafunika iliki na nazi yote. Ondoka bila kusema kitu.

Moto chini ya mbaazi. Sufuria iwe juu ya makaa, hata kama ni machache, na mvuke uonekane ikifunuliwa. Chakula cha nazi ni miongoni mwa vinavyoharibika upesi kabisa. Kikishuka chini ya nyuzi 60 kikakaa kwenye joto la Mombasa, vijidudu huzaana haraka. Mbaazi vuguvugu ziogope kuliko zilizopoa kabisa, maana zinakudanganya kuwa ni za leo.

Vyombo na mikono. Ndoo yenye bomba ni dalili njema. Beseni moja la maji ya kijivu ambamo sahani zote huzamishwa ni dalili mbaya. Anayepokea pesa asiwe ndiye anayeshika mahamri kwa mkono ule ule. Koleo, karatasi, au msaidizi wa kupokea pesa, chochote kinatosha. Kwenye hoteli yenye kuta utaona kibali cha biashara cha kaunti kimetundikwa, na anayeshika chakula cha kuuza anatakiwa awe na cheti cha afya kinachofanywa upya kila miezi 6. Una haki ya kuuliza. Uliza kwa upole.

Foleni nayo itazame, lakini uisome vizuri. Foleni ya wapita njia waliosimama steji inaonyesha mahali pazuri pa kibanda tu. Foleni ya watoto waliotumwa na bakuli kutoka nyumbani inaonyesha mpishi, kwa sababu mama zao wanajua kupika na bado wameamua kununua kwake.

Umefaulu ikiwa mafuta ni safi, mbaazi ziko motoni, na umeona angalau bakuli moja la nyumbani kwenye foleni.

## Hatua ya 5: Agiza kidogo, uonje kwa mpangilio

Salimu kwanza. "Sabalkheri mamangu" hufungua mengi kuliko kidole kilichonyooshwa kwenye sinia. Kisha agiza hamri moja, mbaazi za bakuli dogo na kikombe cha chai. Usiagize sahani iliyojaa mara ya kwanza, na usichanganye vyakula vitano. Unapima mkono wa mpishi, na vitu hivi vitatu vinatosha kukuonyesha wote.

Hamri. Lishike kabla ya kuling'ata. Liwe jepesi kuliko lilivyo kwa macho. Lipasue kwa vidole kuanzia pembeni: hewa ya moto itoke yenye harufu ya iliki, na ndani kuwe na uwazi, ngozi ya juu na ya chini zimeachana. Uwazi huo hautokei kwa bahati. Unga umeumuka vya kutosha, umesukumwa kwa unene sawa, na mafuta yalikuwa moto kiasi cha kugeuza maji ya ndani kuwa mvuke mara moja huku mpishi akilimwagia mafuta kwa upawa juu yake. Ukikuta mstari mweupe wa unga unaonata katikati, unga haukuumuka au mafuta yalikuwa baridi. Tazama na vidole vyako: vikiwa vinang'aa kidogo ni sawa, vikichuruzika ujue hamri limekunywa mafuta.

Utamu uwe wa nyuma. Sukari ikitangulia ulimini, mbaazi hazitapata pa kukaa.

Mbaazi. Usianze kwa kuchovya hamri. Chukua kijiko cha mbaazi peke yake. Punje iwe nzima kwa macho, lakini ukiibana kwa ulimi kwenye kaakaa ipondeke bila meno. Hiyo inataka kurowekwa usiku kucha na kuchemshwa polepole. Mchuzi uwe mzito, umeshikamana na punje, na juu yake pang'ae duara ndogondogo za mafuta ya nazi yenyewe.

Mpishi hodari huzipikia kwanza tui jepesi, la mkamuo wa pili, halafu karibu na kuepua hutia tui zito akikoroga bila kuacha. Akiacha lichemke ovyo, tui hukatika: utaona chembechembe nyeupe na maji yamejitenga. Tui lililokatika si sumu, lakini linakwambia kuwa aliyepika alikuwa na haraka. Tui la pakiti nalo hujitambulisha. Ni laini sana, halina ule utamu wa mbali wa nazi mbichi, na huacha utando mdomoni.

Ukali wowote wa uchachu katika mbaazi ambao haukutokana na ukwaju au ndimu, acha bakuli papo hapo. Usimalize kwa aibu.

Chai. Uliza imepikwa saa ngapi. Chai ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi au iliki pamoja na majani ina rangi ya udongo mwekundu na harufu inayofika kabla ya kikombe. Iliyokaa muda mrefu kwenye chupa ina ladha ya kizibo. Kama ya maziwa imekaa, agiza ya rangi. Itakuwa mpya zaidi.

Sasa chovya hamri kwenye mbaazi. Kama kimoja kinamwita mwenzake, umepata mahali.

Kwenye mitaa ya supu kipimo ni kingine na ni kifupi: mchuzi ukipoa kidogo midomo ishikane kwa utomvu wa mifupa, na ladha iwe ya nyama kabla ya chumvi. Na kwenye mkahawa wa kisasa wa Nyali au Bamburi, uliza swali moja tu: "Nazi imekunwa hapa au ni ya kopo?" Mhudumu akijua jibu bila kwenda jikoni, kaa.

Umefaulu ikiwa unataka kuongeza hamri la pili kabla hujamaliza la kwanza.

## Hatua ya 6: Sasa tafuta ubunifu

Nimeiweka hatua hii nyuma makusudi. Wasomaji wengi huanza na ubunifu, wakaishia kwenye hamri lililomiminiwa sosi ya chokoleti ambalo ndani yake ni unga mbichi. Ubunifu juu ya msingi mbovu ni rangi tu. Anayeumua unga vizuri ndiye mwenye haki ya kuuchezea.

Ubunifu wa kweli wa asubuhi huku kwetu huwa mdogo kwa macho na mkubwa kwa ulimi. Mbaazi zilizotiwa kipande cha embe bichi zikiwa motoni, ili uchachu ukate uzito wa nazi. Muhogo wa nazi uliowekewa vipande vya pweza juu. Vitumbua vilivyonyunyiziwa ufuta upande mmoja vikiwa bado vibichi juu, ili ukaangike pamoja navyo. Hamri lililokandwa kwa kiazi kitamu kilichopondwa. Chai ya mchaichai kutoka shina lililopandwa nyuma ya nyumba. Katika mikahawa, utaona mayai yaliyopikwa ndani ya mchuzi wa nyanya na nazi, au mkate wa sinia, ule wa mchele na tui, uliokatwa na kubanikwa kidogo, ukaliwa na maziwa mgando.

Kipimo changu ni kumwuliza mpishi kwa nini. "Mamangu, mbona umetia embe?" Mwenye ubunifu ana sababu: mbaazi za msimu huo zilikuwa nzito, wateja wake walikuwa wanaacha mchuzi, au bibi yake alikuwa akifanya hivyo. Asiye na sababu atakwambia wateja wanapenda picha.

Mara nyingi kitu cha ubunifu hakiko wazi kwenye sinia. Kiko siku moja kwa wiki, au hupikwa kidogo kwa wanaokijua. Uliza: "Kuna siku mnapika kitu tofauti?" Jumamosi na Jumapili ndizo siku za majaribio kwa wengi, kwa sababu wateja hawana haraka ya kazini.

Tahadhari: rangi kali ya manjano au nyekundu katika unga wa kukaangia mara nyingi si viungo. Bizari ya manjano huacha harufu yake. Rangi ya dukani haina harufu hiyo.

Umefaulu ikiwa umekula kitu ambacho ungeweza kukieleza kwa mtu wa pwani naye akasema, "Hicho sijakila."

## Hatua ya 7: Rudi siku nyingine kabla ya kumwambia mtu

Rudi mara tatu: siku ya kazi, Jumamosi na Jumapili. Mpishi mmoja anaweza kuwa na msaidizi siku fulani, na mkono ukibadilika tui hubadilika. Andika saa uliyofika na kilichokuwa kimebaki. Kama mara mbili kati ya tatu ni nzuri, hapo ni mahali pa kupeleka wageni. Kama ni moja tu, ulibahatika.

## Hatua ya 8: Ingia kwenye oda za majumbani

Ngazi ya juu kabisa ya staftahi ya mitaani haina kibanda. Ni wapishi wa majumbani, Kiembeni, Mikindani, Mkomani na kwingineko, wanaoonyesha chakula chao kwenye hali za WhatsApp na kupokea oda jioni. Huko ndiko mkate wa sinia na vibibi, zile chapati laini za mchele na nazi, vinakopikwa kwa subira, kwa sababu mpishi anajua idadi kabla ya kuroweka mchele.

Njia ya kuwafikia ni yule yule mpishi wa mbaazi uliyemzoea. Mwulize, "Mkate wa sinia mzuri huchukua kwa nani?" Wapishi wanajuana na wanaheshimiana.

Weka oda kabla ya magharibi. Mchele unataka kurowekwa saa kadhaa, kisha kusagwa na kuumuka. Anayekubali oda ya mkate wa sinia usiku wa manane kwa asubuhi atakupa uliolala. Lipa nusu mbele, kubaliana nani analipia bodaboda, na uombe mkate ufungwe kwa kitambaa au karatasi, si ndani ya plastiki yenye joto, ambayo hurudisha jasho kwenye mkate ukawa unyevu juu.

Ukiufungua, uso uwe na rangi ya dhahabu bila madoa meusi. Makaa hukaa juu na chini ya sinia, na doa jeusi ni alama ya makaa yaliyosahauliwa. Ukiukata, ndani kuwe na vijitundu vilivyosimama wima.

## Mwezi wa Ramadhani

Ratiba yote ya hapo juu hugeuka. Vibanda vingi havipiki asubuhi, na wenye kupika huweka pazia mbele. Karai huwashwa alasiri, na kuanzia saa kumi hadi magharibi barabara za mitaa hujaa vyakula ambavyo miezi mingine hupikwa kidogo au kwa oda: mkate wa mofa, kaimati, vibibi, tambi za nazi.

Asiyefunga anaweza kununua jioni akaweka kwa asubuhi, kwa masharti. Mahamri na mkate wa sinia hulala vizuri kwenye chombo kilichofunikwa. Yapashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo. Mbaazi zitie kwenye friji mara zikipoa, na asubuhi uzipashe polepole kwa maji kidogo ukikoroga hadi zichemke. Vitumbua uvile usiku huo huo.